Mita Nane

Kila mwaka, mwezi wa nane, mikorosho ikichanua,
Newala hupokea wageni wenye viatu vya misumari.
Wanatoka Mueda, wanatoka Mzuzu na Lusaka;
safari hii wametoka hata Ngazija,
vijana watatu na kocha mwenye tai,
wakalala darasa la tano B
chini ya jedwali la kuzidisha.

Mimi ndiye mchora mistari.
Jina langu Wilibrodi, haliandikwi kwenye ratiba.
Nina kamba, nina vigingi,
nina kopo la maziwa lililotobolewa matundu.
Chokaa ilikwisha njia ya tatu;
zilizobaki nikazichora kwa salfa,
ile ya mikorosho, ya njano, iwashayo macho.
Kocha wa Ngazija akauliza: ndio mtindo wa huku?
Nikamjibu ndio.

Sasa siri ya uwanja huu.
Kwenye kona ya pili upo mkorosho wa Bi Somoe.
Halmashauri imemwandikia barua nne,
zote kazifungia karanga.
“Mti huu umesomesha watoto sita.
Mbio zenu zimesomesha nani?”
Basi kona ikapindwa kabla ya mti,
na mzunguko, ukiupima kwa haki,
ni mita mia tatu tisini na mbili.
Nane hazipo.
Zimo kivulini mwake, kaanika makopa juu yake.

Wakubwa wa riadha wanajua.
Kila mwaka karani hugonga muhuri uleule:
KOZI FUPI. MUDA HAUTAMBULIWI.
Miaka kumi na moja watoto wamekimbia
kama moto wa kiangazi,
na vitabuni ni kama walikaa.
Hata mimi niliwahi kushinda hapa, mia nane.
Nilipewa beseni, na muhuri.

Usiku wa kuamkia fainali
nilitoka na simu mdomoni, tochi ikiwaka,
kamba begani.
Mia nane ni mizunguko miwili;
nane mara mbili, kumi na sita.
Nikaurudisha nyuma mstari wa kuanzia
mpaka ubavuni mwa choo cha walimu,
ule wa zamani nikaufuta kwa unyayo.
Nikapima. Nikapima tena.
Umande ukaanguka, na katani ikiloa husinyaa;
nikaongeza shubiri kila pima,
kwa kukisia.
Sikumwambia mtu.

Saa tatu na robo wakaitwa wasichana.
Wetu alikuwa Lioba, binti wa fundi baiskeli.
Kando yake Felizarda wa Mueda, pekupeku,
kidole gumba kimefungwa kipande cha khanga.
Wakasalimiana kwa Kimakonde,
wakaulizana habari za shangazi mmoja.
Bastola ikagoma.
Mwalimu Chilumba akapiga bati.

Nilichoona ni vumbi la njano likipanda magotini,
watu wakipiga chafya upande mzima wa jukwaa,
na Felizarda, kwenye kona ya Bi Somoe,
akiinamisha kichwa kupisha tawi
bila kupunguza mwendo,
kama mtu aingiaye jikoni kwa mama yake.

Dakika mbili, sekunde sita.
Saa tatu za mkononi zilikubaliana.
Karani akachovya muhuri.

Nilifungua mdomo.
Lakini mtu mwenye vidole vya njano
anayehamisha mistari usiku
ana jina lake, na si jina zuri.
Nikaufunga.

Nilimkuta kwenye lori la kwenda mtoni,
beseni la bluu mapajani.
Nikamwambia: mwanangu, zile zilikuwa mia nane kamili.
Akanitazama kama unavyomtazama mlevi mpole.
“Za mwaka jana ndizo zilikuwa fupi,” akasema.
“Leo nilifika mwisho, mwisho haujafika.”

Lori likateremka na mteremko wake.
Nikarudi uwanjani kukunja kamba.
Bi Somoe alikuwa anageuza makopa,
akaniuliza choo cha walimu kimepata wapi mstari.
Nilikuwa naibana kamba kiganjani,
pima kwa pima.
Ilikuwa bado na ubichi.